Glutameti inauaje seli za ubongo? Na MSG ya kwenye supu inahusika?

jikoni_kwa_mama

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe taratibu maana sayansi niliishia form four na kemia nilipata F ya heshima.

Bi mkubwa ana banda la chakula huku Mbagala, asubuhi supu na chapati, mchana wali na ugali, na kwenye supu huwa anatia kale kaunga keupe ka MSG kidogo, wateja wanapenda. Sasa kuna fowadi inazunguka kwenye grupu la familia watsap inasema MSG ina glutameti, na glutameti ni sumu inayosisimua seli za ubongo mpaka zinakufa, ndiyo inaleta kiharusi, kusahau, na watoto kuwa wazito darasani. Shangazi kashagoma kula kwa bi mkubwa, anakuja na hotpoti lake.

Ningeipuuza hiyo fowadi ila kuna jirani yetu alipigwa kiharusi, na daktari aliyekuwa anaielezea familia alisema kabisa kwamba damu ikikatika kwenye ubongo kuna kitu kinaitwa glutameti kinamwagika na kinaua seli za jirani. Sasa nimechanganyikiwa. Ni glutameti hiyohiyo ya kwenye supu? Na kitu ambacho ni amino asidi, yaani kipande cha protini tu kama nyama na maharage, kinauaje seli? Msinitumie link za Kiingereza tafadhali, nielezeni kama mnamwelezea mtu.

Baharia wa Bagamoyo

Hiyo ni sumu mkuu usidanganywe. Ilishathibitishwa tangu 1969 na Mmarekani anaitwa John Olney, aliwachoma watoto wa panya hiyo MSG na seli za ubongo zikafa, ushahidi upo. Baada ya pale kampuni za chakula Marekani zikaitoa kwenye vyakula vya watoto wachanga. Sisi huku tunaendelea kulambishwa tu. Shangazi yako ana akili kuliko nyie wote.

Mfamasia Kahama

Baharia umesema kweli nusu, na nusu uliyoiacha ndiyo yenye utamu.

Olney alifanya hivyo kweli, na hakuwa wa kwanza, 1957 Lucas na Newhouse walishaona glutameti inaharibu retina ya macho ya panya wachanga. Olney akaona na kwenye ubongo, sehemu ya haipothalamasi, na yeye ndiye aliyeleta wazo kwamba seli zinakufa kwa kusisimuliwa kupita kiasi. Wazo hilo limesimama mpaka leo. Lakini angalia alichofanya: panya wachanga, sindano chini ya ngozi, dozi mpaka gramu 4 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 240, karibu robo kilo, na siyo ya kula, ya kuchomwa. Anayetia robo kilo ya MSG kwenye bakuli moja la supu ana tatizo jingine tofauti.

Ukiila hali ni nyingine kabisa. Seli za utumbo zenyewe zinaitumia glutameti kama mafuta ya kuendeshea kazi yao, sehemu kubwa sana inaishia hapohapo utumbani, inayoingia kwenye damu ni kidogo. Halafu ubongo una kizuizi chake kati ya damu na seli, na glutameti ya kwenye damu haipiti kirahisi. Nyanya mbivu ina glutameti, dagaa wakavu wanayo, maziwa ya mama yanayo nyingi tu. Mjapani Kikunae Ikeda alipoitoa kwenye mwani mwaka 1908 hakuleta kitu kigeni mwilini, alikuwa anatafuta ile ladha ya mchuzi inatoka wapi.

Sisemi mtu aimwage kama chumvi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya 2017 iliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kilo kwa siku kwa glutameti inayoongezwa kwenye chakula, kwa mtu wa kilo 60 ni kama gramu 1.8. Na wapo watu wakila nyingi kwa mpigo tumbo likiwa tupu wanalalamika kichwa kuuma. Lakini kiharusi na watoto kuwa wazito darasani, hapana. Kama shangazi anaogopa kiharusi basi aanze na chumvi ya kawaida na apime presha.

jikoni_kwa_mama

Asante sana mfamasia, hiyo ntaiprinti niibandike bandani. Ila hujajibu ya kiharusi. Kama ya kwenye supu haifiki, ile aliyosema daktari imetoka wapi?

Mfamasia Kahama

Imetoka ndani ya ubongo wenyewe mkuu. Hapa ndipo fowadi zote zinapotea njia, watu wanatafuta sumu nje wakati mzigo wote uko ndani.

Glutameti ndiyo mjumbe mkuu wa kuamsha kwenye ubongo. Seli moja ikitaka kuiamsha nyingine inamwaga kiasi kidogo kwenye upenyo mwembamba uliopo kati yao, ya pili inaipokea kwenye vipokezi vyake, umeme unapita, wewe unakumbuka jina la mtu au unanyanyua mkono. Aspateti nayo ni ndugu yake. Mpinzani wao anaitwa GABA, yeye kazi yake kutuliza, na kichekesho ni kwamba GABA inatengenezwa kutokana na glutameti hiyohiyo. Kwa hiyo ubongo umejaa glutameti kuliko amino asidi nyingine yoyote, ila karibu yote imefungiwa ndani ya seli. Ndani ya vile vifuko inakotunzwa ni nyingi mno, nje kwenye maji yanayozunguka seli ni kidogo kabisa, tofauti yake ni mara maelfu kwa maelfu. Kazi ya kuiweka hivyo wanaifanya seli wasaidizi, astrosaiti, wana vinyonyaji vinaivuta glutameti mara tu ikishatoa ujumbe, wanaigeuza kuwa glutamini na kuirudisha kwa nyuroni, yaani zile seli za ubongo zinazopelekeana ujumbe, ikatumike tena. Kunyonya huko kunakula nishati. Kumbuka hilo neno nishati.

Sasa vipokezi. Kuna AMPA, kuna kaineti, kuna NMDA. AMPA anafungua haraka, sodiamu inaingia, seli inaamka. NMDA ni kama mlango wenye komeo: magnesiamu imekaa katikati ya tundu, glutameti hata ikigonga haufunguki mpaka seli iwe imeshaamshwa kwanza kupitia AMPA, hapo magnesiamu inasukumwa nje na kalsiamu inaingia. Hiyo kalsiamu kidogo ndiyo inayoifanya seli ijifunze, bila NMDA hakuna kumbukumbu. Kwa hiyo siyo mlango wa shetani, ni mlango wa shule.

Damu ikikatika je? Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati yote na hauna akiba ya maana. Ndani ya dakika chache zile pampu za kutoa sodiamu na kurudisha potasiamu zinasimama, seli zinapoteza chaji yake, zinamwaga glutameti yote waliyonayo, na vile vinyonyaji badala ya kunyonya vinageuka vinaanza kutapika. Seli ya jirani ambayo bado ilikuwa na damu kidogo inajikuta imezingirwa. AMPA wazi, komeo limetoka, NMDA wazi, na hakuna wa kuufunga maana glutameti haiondoki. Sodiamu inaingia na maji yanaifuata, seli inavimba. Kalsiamu inaingia bila kipimo, inaamsha vimeng'enya vya kukata protini ambavyo kawaida vimelala, inaamsha utengenezaji wa naitriki oksaidi, gesi ambayo ikizidi inaumiza seli, inajazana kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, mpaka navyo vinashindwa kutengeneza nishati, seli inaanza kujila yenyewe. Nyingine zinapasuka mapema, nyingine zinakufa taratibu kwa masaa mpaka siku kadhaa.

Ndiyo maana kwenye kiharusi kuna kiini kilichokufa mapema na kuna eneo pembezoni ambalo limezimia lakini bado lipo hai. Hilo la pembezoni ndilo daktari wa jirani yenu alilokuwa analizungumzia. Kuna hesabu maarufu ya 2006 kwamba mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika inayopita nyuroni kama milioni 1.9 zinakufa. Mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki, hapo ni hospitali moja kwa moja, siyo kumkanda na maji ya moto kwanza.

Baharia wa Bagamoyo

Sawa tajiri wa maneno. Kama mnajua mpaka mlango na komeo kwa nini hamtengenezi dawa ya kuziba huo mlango? Wagonjwa wa kiharusi wanalala mawodini na drip ya maji tu. Au kuna biashara ya mtu hapo?

Mfamasia Kahama

Wamejaribu mpaka wamechoka. Miaka ya 90 mpaka 2000 na kidogo zilitengenezwa dawa za kuziba NMDA, selfoteli, aptiganeli, gavestineli, kwa panya zilifanya maajabu, zikaletwa kwa binadamu zikashindwa moja baada ya nyingine, na kampuni zilipoteza hela nyingi kwa hiyo hoja ya biashara haikai. Sababu zipo kadhaa. Panya alipewa dawa kabla au dakika chache baada ya mshipa kuzibwa, binadamu anafika hospitali baada ya masaa na mafuriko yameshapita. Halafu ukifunga ule mlango unaufunga kwenye ubongo wote, hata kwenye sehemu zenye afya zilizokuwa zinauhitaji, mtu anaona maluweluwe, anachanganyikiwa. Na seli iliyojeruhiwa nayo inahitaji NMDA kidogo ili ijiponye.

Kuna nerinetidi, yenyewe haizibi mlango, inakata waya kati ya mlango na ile mashine ya naitriki oksaidi upande wa ndani, akili nzuri sana, lakini jaribio lake kubwa lililotoka 2020 kwa jumla halikuonyesha faida iliyotarajiwa. Zilizofaulu ni kwa magonjwa mengine. Memantini ya wazee wenye Alzheimer inaziba NMDA kwa ulaini, ikiona ujumbe wa kweli inapisha. Rilusoli ya ugonjwa wa kuoza neva za misuli inapunguza umwagaji wa glutameti, inaongeza miezi tu ya kuishi. Na ketamini ambayo kila hospitali ya wilaya wanaitumia kwa usingizi wa upasuaji ni mzibaji wa NMDA mkongwe, nadhani wengi humu wameshapitishiwa bila kujua.

Nesi wa Leba

Nimekuwa msomaji tu lakini hapo kwenye magnesiamu mmenigusa. Sisi leba tunaichoma magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba au presha kali ya ujauzito, na tulifundishwa tu "inazuia degedege la mama", hakuna aliyetuambia ni komeo. Ina maana tunarudisha komeo mlangoni?

Na kuna jaribio kubwa nalikumbuka la Magpie lilitoka 2002, kina mama kama elfu kumi kutoka nchi 33, ilipunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya bei ndogo mno na inaokoa watu. Ila ni kali, lazima upime kupumua, upime mkojo, ugonge goti uone kama mguu bado unaruka, goti likinyamaza unasimamisha dozi na kalsiamu glukoneti iwe pembeni tayari. Wanafunzi wangu nawaambia ukiona mtu anatundika magnesiamu halafu anaenda kunywa chai mfuate umrudishe.

Mfamasia Kahama

Dada Nesi heshima yako. Komeo ni sehemu ya maelezo, wanadhani pia inalegeza mishipa ya damu na kupunguza ubongo kuvimba, bado hawajakubaliana kipi kinabeba uzito zaidi. Nikupe na upande wa pili: magnesiamu hiyohiyo waliijaribu kwa kiharusi kule Los Angeles na jirani zake, wagonjwa kama 1,700, walianza kuwapa wakiwa bado ndani ya gari la wagonjwa ili kuwahi, matokeo yakatoka 2015, haikubadilisha hali ya ulemavu. Kwa mama mjamzito inafanya kazi vizuri kabisa, kwa kiharusi hapana. Magnesiamu haipiti haraka kwenye kile kizuizi cha ubongo, huenda ndipo tatizo lilipo.

Mswahili wa Kilifi

Jamani salaam kutoka Pwani. Nesi ametaja degedege basi nami nitie neno maana huku kwetu degedege la mtoto ni jambo watu wanalijua tangu mababu, na wengine mpaka leo wakiona mtoto amekakamaa macho yamegeuka wanamfukiza kwanza na kumpaka dawa, wanasema ati ukimchoma sindano atakufa.

Malaria ikipanda kichwani mtoto anashikwa na degedege refu, na kila nyuroni inapopiga kelele kwa pamoja ni glutameti inamwagwa tena na tena bila kupumzika. Watafiti wa hapa Kilifi na wenzao wa Uingereza walipima maji ya uti wa mgongo ya watoto wenye malaria ya kichwani, wakachapisha mwaka 2000, wakaona kuna kitu chengine pia, asidi ya kwinoliniki. Hii inatengenezwa mwilini kutokana na triptofani wakati kinga inapigana, na inafungua mlango uleule wa NMDA. Watoto waliokuwa na hali mbaya zaidi mwisho wake ndio waliokuwa nayo juu zaidi. Siyo ushahidi kwamba ndiyo iliyowaumiza, waandishi wenyewe waliliweka kama swali, lakini inaeleza kwa nini mtoto anapona malaria kabisa, vijidudu vimekwisha, halafu anabaki na kifafa au anachelewa kusema.

Degedege likipita dakika tano halijakatika hiyo ni dharura, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mbio hospitali akapewe dawa ya kulikata. Sindano haimuui, anayeuliwa ni yule aliyecheleweshwa.

Mpiga Debe

Mimi naongezea kimoja tu kabla hamjafunga uzi. Mlevi wa gongo wa miaka mingi akiacha ghafla siku moja anaanza kutetemeka, anaona wadudu ukutani, anaanguka kifafa, watu wanasema amerogwa kwa kuacha pombe 😂 Ni mambo hayahaya, si ndiyo?

Mfamasia Kahama

Ndiyo kabisa. Pombe inambana NMDA na kumsaidia GABA, ubongo unajibu kwa kuongeza vipokezi vya kuamsha, ukiondoa pombe kwa mkupuo kuamsha kunabaki bila wa kushika breki. Mlevi mkubwa asiache pombe peke yake nyumbani, apitie hospitali, wana dawa za kumshusha taratibu.

Baharia wa Bagamoyo

Nimewaelewa, MSG tuiweke pembeni. Lakini mimi bado nauliza, ina maana hakuna chakula chochote duniani kinachoua seli kwa njia hiyo? Haiwezekani.

Mfamasia Kahama

Kipo, na swali zuri. Viko ambavyo vina amino asidi inayofanana na glutameti lakini ubongo hauwezi kuiondoa kirahisi.

Kimoja ni kokwa za jamii ya mbaazi zinazoitwa kwa Kilatini Lathyrus sativus, Ethiopia wanaziita guaya. Zinavumilia ukame kuliko mazao mengi, mvua ikikatika mengine yanakauka zenyewe zipo, kwa hiyo mwaka wa njaa watu wanazila asubuhi na jioni miezi miwili mitatu mfululizo. Ndani yake kuna amino asidi inayoitwa ODAP inayogonga vipokezi vya AMPA, na seli zinazoumia ni zile ndefu zinazopeleka amri miguuni. Mtu anaamka miguu imekakamaa, inapishana kama mkasi, na hairudi tena. Ethiopia na India wameumia sana. Na 1942 kwenda 1943 kwenye kambi ya Vapniarka, ambayo leo iko Ukraine, wafungwa Wayahudi walilishwa hizo kokwa kama chakula kikuu, mamia wakapooza, na daktari mfungwa mwenzao Arthur Kessler ndiye aliyegundua chanzo ni chakula.

Cha pili ni cha baharini. Mwisho wa 1987 Canada, watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula kome waliotoka kisiwa cha Prince Edward. Kome walikuwa wamekula vimwani vidogo vyenye asidi ya domoiki, ambayo ni ndugu mkali sana wa glutameti, inafungua kaineti. Wachache walifariki, wengine walipona tumbo lakini kumbukumbu zao mpya zikawa hazikai, mtu anakumbuka utoto wake vizuri ila hakumbuki kama amekunywa chai leo. Wazee na wenye figo mbovu waliumia zaidi kwa sababu figo ndiyo inayoitoa hiyo asidi. Kupika hakuiondoi. Tangu hapo wanapima kome kabla ya kuuza.

Umeona tofauti? Hizi zinaponyoka wale wanyonyaji wa astrosaiti, zinakaa kwenye vipokezi, haziondoki kirahisi.

Mwana Bukavu

Jambo bandugu, miye niko Bukavu, nasoma hapa nashangaa hamjataja konzo, na nyie Watanzania mnayo kwenu. Huku Kivu ya Kusini ilionekana wakati wa vita, na kule Kwango, magharibi mwa Kongo, daktari Trolli aliandika habari zake tangu 1938. Mtoto au mama analala mzima, kesho yake anasimama miguu inakataa, imekakamaa yote miwili sawasawa. Haizidi na haiponi. Ukimwona mgonjwa wa konzo na mgonjwa wa zile kokwa za Ethiopia huwezi kuwatenganisha kwa macho.

Chanzo ni mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, ikiliwa majuma mengi bila maharage wala samaki. Bugali bwa mihogo asubuhi, bugali jioni, sombe (kisamvu) kidogo, basi. Muhogo una sayanidi. Mwili unaigeuza kuwa thiosayaneti kwa kutumia salfa, na salfa inatoka kwenye amino asidi za nyama, samaki, mayai, maharage. Sasa kuna nadharia kwamba ile thiosayaneti ikijaa mwilini inafanya AMPA ishike glutameti kwa nguvu kuliko kawaida, yaani sumu haitoki kwenye chakula kama amino asidi, inatoka kwa glutameti yako mwenyewe iliyopewa nguvu isiyo yake. Wengine wanasema sayaneti, kitu kingine kinachotokana na sayanidi, ndiyo mkosaji. Bado wanabishana, lakini habari ya muhogo na kukosa salfa wengi wanaikubali.

Mswahili wa Kilifi

Na Msumbiji pia, Nampula 1981, zaidi ya watu 1,000 walipata konzo kwa ukame mmoja. Mihogo michungu inapandwa kwa sababu nguruwe na nyani hawaiibi, halafu ukame unaiongezea sayanidi, na njaa inawafanya watu wafupishe maandalizi. Vyote kwa mwaka mmoja.

Nesi wa Leba

Kweli, Tanzania ilitokea Tarime 1985, mwaka wa ukame, na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtwara kuna unga unaitwa chinyanya, muhogo mbichi unatwangwa na kuanikwa juani bila kuvundikwa, unapata unga haraka lakini sayanidi inabaki. Wanaoumia zaidi ni watoto waliopita miaka mitatu na kina mama wa umri wa kuzaa. Nimemwona mmoja alikuja kujifungua, anatembea kwa fimbo mbili tangu utotoni, akili iko sawa kabisa, mcheshi kuliko sisi wote wodini.

jikoni_kwa_mama

Mmenitoa kwenye supu mkanipeleka kwenye ugali jamani 😅 Maana bi mkubwa siku hizi sembe ikipanda bei anachanganya na unga wa muhogo unaoletwa kutoka Mtwara kwenye viroba. Sasa niuache au?

Mwana Bukavu

Usiuache ndugu, unga wa muhogo ukiandaliwa hauna neno. Kama mihogo umeinunua wewe mwenyewe, menya, loweka kwenye maji siku tatu mpaka ilainike, ndipo uanike. Kama ni unga tayari na hujui umetengenezwaje kuna njia ya yule profesa wa Australia, Bradbury, ilifanywa kijijini Kay Kalenda kule Popokabaka, hukohuko Kwango, mwaka 2010 na konzo mpya haikutokea tena. Unachukua unga kwenye beseni, unauchanganya na maji mpaka uwe tope zito, unautandaza juu ya mkeka au sinia, unene usizidi sentimita moja, unaacha masaa mawili juani au matano kivulini, sayanidi inapanda hewani. Halafu unasonga ugali siku hiyohiyo, usiulaze maana utaoza.

jikoni_kwa_mama

Masaa mawili juani bandani Mbagala vumbi lote la barabara litaingia. Nitautandaza nyumbani kabla bi mkubwa hajaupeleka bandani.

Mwana Bukavu

Weka kivulini ndani ya nyumba basi, masaa matano, funika na kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Na ugali huo usiuze na mboga za majani peke yake, weka dagaa au maharage pembeni.